Muziki na vitabu vya sauti bila waya: je, ni lazima kununua vifaa vya bei ghali?

Msafiri wa Kimara

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Kila asubuhi husafiri kwa basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, na muda huo huutumia kusikiliza taarabu au kitabu cha sauti kwa vipokea sauti vya Bluetooth vya bei ya chini. Basi likijaa, sauti hukatikakatika, ingawa nyumbani hutulia kabisa. Nikiingia kwenye kikao cha mtandaoni kwa kompyuta mpakato, kila ninachokisikia huwa hafifu kama simu ya mezani. Kisha kuna baba yangu aliyeko Tanga, ambaye macho yake yamedhoofika na angependa kusomewa vitabu, lakini spika niliyompelekea hunyamaza kila mara mwenye simu anapotoka nyumbani. Muuzaji mmoja ameniambia kuwa dawa ya yote hayo ni kununua vifaa vya gharama kubwa vyenye LDAC, yaani mfumo wa kubana sauti ili ipite kwenye Bluetooth kwa ubora wa juu. Je, ni kweli?

Fundi Mstaafu

Mkuu, muuzaji huyo ameutazama mfuko wako kuliko tatizo lako. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi, na mawimbi hayo hufyonzwa na maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwili wa binadamu. Nyumbani, hata simu ikiwa mfuko wa nyuma wa suruali, mawimbi hugonga kuta na dari yakakufikia sikioni kwa njia ya kuzunguka. Ndani ya basi lililoshonana, miili ya abiria huyameza kabla hayajafika, na wakati huohuo simu za wenzako zinagombea masafa hayohayo. Ihamishie simu yako kwenye mfuko wa shati kabla hujatoa hata shilingi.

Kuhusu LDAC, ni kweli kwamba inaweza kupeleka hadi kilobiti 990 kwa sekunde, wakati SBC, mfumo wa msingi wa kubana sauti ambao kila kifaa cha muziki cha Bluetooth cha kawaida lazima kiwe nao, kwa ubora wake wa juu hupeleka takriban 328. Lakini mzigo mkubwa ndio unaokatika upesi penye msongamano, kwa hiyo ndani ya mwendokasi LDAC inaweza kukuzidishia usumbufu. Kitabu cha sauti, ambacho mara nyingi huhifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hakihitaji hata robo ya uwezo wa SBC.

Suala la kikao lina chanzo kingine. Bluetooth ya kawaida ina njia moja ya muziki, ambayo hupeleka sauti upande mmoja tu kwa ubora mzuri, na njia nyingine ya mazungumzo, ambayo hubeba sauti kwenda na kurudi kwa ubora mdogo. Kompyuta ikiwasha maikrofoni ya vipokea sauti, huhamia njia ya pili papo hapo. Fungua mipangilio ya programu ya kikao, uchague maikrofoni ya kompyuta yenyewe, na vipokea sauti vibaki kusikiliza tu.

Mpenzi wa Taarabu

Nakubaliana na Fundi kuhusu vitabu, ila kwa muziki nisingesema kwamba bei haina maana yoyote. Sauti za fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi ya taarabu) huharibika katika vipokea sauti duni, na hilo halitokani na LDAC bali na spika ndogo zilizomo ndani na jinsi kifaa kinavyokaa sikioni. Jaribu kwanza vile vipira laini vya saizi mbalimbali vinavyokuja ndani ya boksi, maana watu wengi huviacha humo humo. Kipira kinachoziba vizuri hurudisha besi na kupunguza kelele za nje, nawe huna haja tena ya kupandisha sauti ili kuishinda injini ya basi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na anayepandisha sauti ili kushindana na kelele za barabarani anaweza kuuvuka upeo huo bila kujua.

Mjukuu wa Pangani

Kwa Mzee, mimi ningeiacha Bluetooth kabisa. Spika nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina tundu la memori kadi au flashi, hivyo mpakulie vitabu humo naye atasikiliza bila simu wala bando. Tahadhari moja tu: nyingi kati ya spika hizo zikizimwa hazikumbuki dakika mliyoishia, na kitabu chenye urefu wa saa nane kikiwa faili moja kitamrudisha mwanzo kila siku. Mwekee sura moja kwa kila faili, zikiwa zimepewa namba kwa mpangilio, ili atafute sura yake kwa kitufe cha kusogeza mbele.

Msafiri wa Kimara

Nawashukuru sana. Je, vitabu vya bure nitavipata wapi kihalali?

Mjukuu wa Pangani

LibriVox, mradi wa wasomaji wa kujitolea ulioanzishwa mwaka 2005, una vitabu vingi ambavyo hakimiliki yake imekwisha, ila vilivyo vingi ni vya Kiingereza. Kwa Kiswahili, simu za Android zinaweza kusoma maandishi kwa sauti ya Kiswahili; habari na insha huzisoma vizuri vya kutosha, lakini mashairi usimpe, kwa kuwa haijui mizani wala kituo.