Kijana wa Dunda na hifadhi ya kanisani

Kutoka: Bremen

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Bagamoyo. Kuna kijana wetu wa Dunda, aliingia Ulaya kupitia Italia, akaomba hifadhi huku Ujerumani. Sasa ana barua ya kurudishwa Italia. Parokia moja iko tayari kumpokea akae kanisani ili asirudishwe. Mama yake anauliza: je, watamtaka mwanawe abatizwe? Na polisi wakija?

Kutoka: Berlin

Waaleikum salaam mdogo wangu. Hofu ya mama ina mzizi. Misheni yetu ya Bagamoyo, ilipoanza mwaka 1868, iliwakomboa watoto kutoka utumwani na kuwalea Kikristo. Lakini vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilipozuka mwaka 1888, maelfu walikimbilia mle mle kuokoa roho zao tu. Huku ni hivyo hivyo. Waislamu wengi wamehifadhiwa na parokia za Ujerumani, na wakaendelea kuswali. Mtulize.

La polisi ni zito zaidi. Zamani Uingereza mhalifu aliyeingia kanisani alikuwa na siku 40, kisha ajisalimishe au aape kuihama nchi. Haki hiyo ilifutwa karne ya 17. Mwaka 1989 polisi walivunja mlango wa kanisa huko Manchester, wakamtoa Viraj Mendis wa Sri Lanka aliyekuwa amekaa humo miaka miwili, akarudishwa kwao. Uholanzi sheria inawazuia polisi kuingia wakati wa ibada. Ndiyo maana kanisa moja la The Hague liliendesha ibada mfululizo siku 96, hadi Januari 2019, kuilinda familia ya Waarmenia. Ujerumani hakuna sheria kama hiyo. Desturi ilianzia hapa Berlin mwaka 1983, na serikali kwa kawaida huiheshimu, ila kuna parokia zilizoingiliwa.

Kwa hiyo asijifiche! Akiingia tu, parokia iiarifu idara ya wakimbizi anapoishi na kueleza shida yake kwa maandishi. Kwa utaratibu wa Dublin wa mwaka 2013, yaani sheria ya Ulaya inayoamua nchi gani ishughulikie ombi la hifadhi, asipopelekwa Italia ndani ya miezi sita tangu Italia ikubali, kesi inabaki Ujerumani. Mtu anayehesabiwa kuwa ametoroka huongezewa muda hadi miezi 18. Sheria hizo za Ulaya zilipangwa kubadilika kuanzia mwaka 2026, basi amwone wakili kabla ya kuhama, si baada. Na akishaingia asitoke nje ya uwanja wa kanisa, hata kwenda dukani. Waulize mapema daktari gani atamfuata humo.

Kutoka: Hannover

Shikamoo dada. Nimesoma. Mimi nitachangia fedha za wakili, na Ramadhani ikimkuta humo nitampelekea futari.

Kutoka: Bremen

Ahsanteni sana. Kikao cha wazee wa parokia ni Alhamisi, wao ndio wanaoamua. Wakili nitampigia kesho asubuhi, naomba mwenye namba ya anayejua Kiingereza anitumie leo.