Kufuta mstari wa ukaguzi mnaita ufundi? Mnaua simu za watu

Wakuu, salamu baadaye. Nimechafukwa.

Jina la romu yenyewe (mfumo wa simu uliotengenezwa na wasanidi wa nje badala ya ule wa kiwandani) silitaji, wenyewe wanajijua na wapo humu. Apdeti imekuja kwa njia halali kabisa, kupitia kisasishi cha romu hiyohiyo, wala siyo faili la kuokota. Orodha ya mabadiliko ilikuwa na mistari mitatu: kiraka cha usalama cha mwezi, maboresho ya betri, kurekebisha hitilafu ndogondogo. Nikabonyeza, ikashuka, ikajisakinisha, simu ikawaka vizuri tu. Ila pale juu kwenye vijiti vya mtandao pamekatwa. Napiga *#06#, kisanduku kinafunguka kitupu, IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, hakuna hata tarakimu moja. Naingia kwenye taarifa za simu, toleo la besibendi (programu ya modemu, kifaa kinachoshika mtandao wa simu): halijulikani. Menyu ya alama ya kidole nayo imeyeyuka kwenye mipangilio, kama vile simu haijawahi kuwa na kitu hicho.

Nauliza kwenye grupu lao, najibiwa mkato: "Soma ujumbe uliobandikwa juu." Nausoma. Umehaririwa baada ya apdeti kutoka, na katikati pamechomekwa sentensi moja inayosema kwamba kuanzia toleo hili ni lazima uwe na fimwea (programu za ndani zinazoendesha modemu na vifaa vingine) ya kiwandani ya Android 14 kabla hujasasisha.

Sasa hiyo sentensi mlishindwa nini kuiweka kwenye ile orodha, mahali ambapo mtu anayebonyeza "Sasisha" angeiona? Mkaona heri "maboresho ya betri", maneno yanayoandikwa kila mwezi na hakuna anayeyaamini?

Kwa wageni wa mambo haya nieleze kidogo, maana najua wapo wanaodhani romu ndiyo simu nzima. Romu inabadilisha mfumo, keneli (kiini cha mfumo) na mara nyingi vendor (sehemu yenye madereva ya vifaa). Lakini modemu, TrustZone (sehemu ya ulinzi inayotunza vitu kama alama ya kidole), butiloda (programu inayoanza kuwasha simu) na wenzao wanaishi kwenye patisheni zao, yaani vipande vyao vya hifadhi, wanatoka kwa aliyetengeneza simu, na romu nyingi hazibebi vitu hivyo. Msanidi akihamia kwenye madereva mapya ya vendor wakati modemu yako bado ni ya zamani, pande mbili zinaacha kuelewana. Ukiwa na bahati unapoteza mtandao na kidole. Ukikosa bahati simu haiwaki kabisa. Kosa hapo siyo la kodi ya programu wala la mtumiaji. Ni sharti ambalo anayelijua hajaliandika.

Na hapa ndipo ninapotaka kugombana na nusu ya jukwaa.

Kwenye mafaili ya zip ya kusakinisha romu, yale ya mtindo wa zamani, kuna kitu kinaitwa updater-script, kipo ndani ya META-INF/com/google/android. Mle msanidi anaweza kuweka mistari ya assert: simu hii ni modeli sahihi? Toleo la modemu ni lile linalotakiwa? Jibu likiwa hapana, usakinishaji unagoma kabla haujagusa chochote. Ile "ERROR: 7" maarufu ya TWRP, rikavari (menyu ya kusakinishia romu) inayotumiwa na wengi, mara nyingi ndiyo hiyo. Mtu mzima mwenye akili zake aliandika huo ukaguzi ili simu yako isife.

Halafu tafuta humu "ERROR: 7" uone majibu. Uzi baada ya uzi, ushauri ni uleule: fungua zip, futa mistari ya assert, hifadhi, fleshi (yaani sakinisha) tena. Na chini yake watu wanashukuru, "mkuu umeniokoa", "ubarikiwe". Hivi nyie dawa ya homa kwenu ni kuvunja kipimajoto? Sikatai, kuna nyakati ukaguzi unakosea, mfano rikavari ya zamani inapotambulisha simu kwa jina tofauti kidogo. Lakini hapo unasoma kwanza ujumbe ulio juu ya hiyo namba 7. Unaitwa E3004, na unakuandikia waziwazi faili hili ni la simu gani na simu yako inajitambulishaje. Ni nani kati yenu huwaambia wageni wasome huo mstari? Mnarukia kwenye kufuta tu.

Matokeo yake wasanidi wengine wameacha kuweka ukaguzi, kwa sababu wakiweka wanaletewa lawama kwamba "zip yako mbovu". Tumejitakia wenyewe.

Twende kwenye simu zenye nafasi mbili, A na B, mfumo ulioingia na Android 7.0 mwaka 2016. Huku ndiko kuna maafa ya kimyakimya. Ukisasisha, romu mpya inaandikwa kwenye nafasi isiyotumika, ukiwasha simu inahamia huko. Nzuri sana. Ila fimwea nayo ina nakala mbili! Mtu anayefleshi fimwea mpya kwenye nafasi A pekee anakaa kwa raha zake mpaka siku ya apdeti, simu inahamia B ambako modemu na TrustZone bado ni za enzi zile simu inatoka kiwandani. Hapo unaweza kupata skrini nyeusi isiyoitika kitufe chochote. LineageOS, mojawapo ya romu zinazojulikana sana, kwenye maelekezo yao ya simu nyingi za aina hii wana hatua nzima ya kufleshi kifaili kidogo kinachoitwa copy-partitions kabla ya kuweka romu, kazi yake ni kunakili fimwea kutoka nafasi hai kwenda nafasi ya pili. Hatua ya dakika chache. Nenda kaangalie miongozo inayozunguka humu na kwenye video, uniambie ni mingapi imeitaja. Mingi imenakiliwa kutoka LineageOS kwa kila kitu isipokuwa hatua hiyo, kwa sababu aliyenakili hakuelewa ni ya nini akaona inarefusha video.

Kuna hawa wengine wa kugawa boot (faili la kuwashia mfumo) iliyokwishapachikwa Magisk, zana ya kuruti, yaani kujipa mamlaka kamili juu ya simu. "Shusha magisk_patched hii, fleshi, umemaliza kuruti." Imetoka toleo gani la romu? Hakuna aliyeandika. Boot inabeba keneli, na keneli inataka moduli zinazolingana nayo. Weka boot ya toleo la mwezi uliopita juu ya mfumo wa mwezi huu, wengine Wi-Fi inakataa kuwaka, wengine simu inazunguka kwenye nembo. Kisha wanakuja kufungua uzi "romu hii Wi-Fi mbovu" na msanidi wa watu anatukanwa bure. Boot unaitoa mwenyewe kwenye faili lilelile ulilosakinisha, payload.bin iliyomo ndani yake inafunguka, unaipachika kwenye simu yako mwenyewe, basi. Na simu zilizotoka kiwandani na Android 13 kwenda juu, nyingi kinachopachikwa ni init_boot, faili jingine la pembeni, boot unaiacha ilivyo. Ukifuata mwongozo wa zamani huko unatwanga maji kwenye kinu.

Nirudi kwenye sakata langu, maana halikuishia kwenye ujumbe uliobandikwa. Nilipolalamika kwamba IMEI haipo, akaibuka mmoja, tena mwenye cheo cha admini, akanipa amri mbili za fastboot (zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta) nifute modemst1 na modemst2, "itajirudi yenyewe". Bila kuuliza kama nina bakapu. Patisheni hizo ndizo zinazotunza data za redio ya simu, IMEI ikiwemo. Simu nyingine hujirudishia kutoka kwenye nakala ya ndani, nyingine hazirudishi kitu, na hapo hakuna romu duniani itakayokuletea namba yako. Na tatizo langu halikuwa huko kabisa! Nilishusha fimwea ya kiwandani ya Android 14, nikafleshi modemu na wenzake nafasi zote mbili, nikawasha. IMEI ikarudi, kidole kikarudi. Ningemsikiliza admini ningekuwa naomboleza saa hizi.

Niliporudi kumwambia, akafuta jumbe zake. Haya.

Kingine, kwa ufupi kwa sababu kinanichosha: acheni kujibu "futa data uanze upya" kwa kila swali. Kufuta data hakugusi modemu. Mtu anapoteza picha na mazungumzo yake yote, anaandika ile "yes" kwenye rikavari huku roho inamuuma, na simu inawaka na ugonjwa uleule.

Ninachotaka hakihitaji hata kujua kuandika kodi. Juu ya linki ya kushusha, kabla ya picha za skrini na kabla ya namba ya kuchangia, iandikwe: fimwea inayotakiwa ni hii, inapatikana hapa, nafasi zote mbili. Ikibadilika, orodha ya mabadiliko ianze na hilo. Na anayeweza kurudisha ukaguzi kwenye kisakinishi aurudishe, watakaolalamika walalamike. Moderata, uzi wowote wa romu usio na mstari huo ungefungwa mpaka uandikwe, kelele humu zingepungua sana.

ONGEZEKO: Naona majibu yameanza.

Mkuu unayesema "ulijua hatari ulipofungua butiloda", lile onyo nimelisoma. Linasema data zitafutika na usalama wa simu utapungua. Halijasema popote kwamba mtoa apdeti ataficha sharti kwenye grupu la soga.

Wa "wanafanya bure, shukuru": LineageOS nao ni watu wa kujitolea, na kwenye ukurasa wa usakinishaji wa simu zao wanaandika fimwea ya Android ngapi inatakiwa kabla hujagusa hatua ya kwanza.

Na wewe unayeomba ushahidi, logi (kumbukumbu za yanayotendeka ndani ya mfumo) ninazo zote mbili, ya kabla na ya baada ya kufleshi fimwea. Mistari ya modemu kushindwa kupanda inaonekana kabisa. Nasafisha namba zangu humo, nazibandika posti inayofuata.