Mjadala: Tufunge maduka ya dawa, au tuanze na kipimo cha Widal?

Mwanzisha mada, Busia (Uganda)

Jumamosi kwenye mkutano wa LC1, baraza la mtaa, hapa kwetu, mwenyekiti alileta hoja kwamba duka lolote la dawa litakalouza antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, bila cheti cha daktari lifungwe, kwa sababu taifodi imekuwa sugu, haisikii dawa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyoosha mkono kupinga lakini muda ukaisha, kwa hiyo naileta hapa.

Sheria siipingi. Ipo tangu 1993: duka la dawa la kawaida linauza dawa za daraja C tu, zile zisizohitaji cheti, na antibiotiki ni za famasi, kwa cheti. Ninachopinga ni ile imani kwamba cheti kikishakuwepo basi dawa imetumika vizuri.

Mwaka jana kijana wangu wa miaka kumi na tano aliambiwa ana taifodi mara tatu, na mara zote tatu kwa cheti. Kliniki ya mtaani ilimtoa damu kwa kipimo cha Widal, wakaichanganya na dawa juu ya kigae cheupe, wakakitikisa taratibu, halafu musawo, yaani mganga wa pale, akaniita nitazame chembe zilizogandana. "Unaona mama? Imepanda." Mara ya kwanza vidonge vya antibiotiki ya sipro siku saba. Mara ya pili sipro tena. Mara ya tatu sindano za seftriaksoni, antibiotiki nyingine, mtoto anachomwa huku analia. Homa ikarudi. Tulipompeleka hospitali kubwa wakakuta malaria.

Sasa jamani, Widal haimtafuti bakteria mwenyewe. Inatafuta kingamwili, zile askari za mwili, na askari hao wanaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa kupona, au wakatokea kwa sababu ya ugonjwa mwingine, malaria ikiwemo. Kumjua Salmonela Tifi, bakteria wa taifodi, kwa hakika ni lazima damu ioteshwe maabara, usubiri siku kadhaa, kisha wajaribu ni dawa gani inamuua. Angalieni mlipuko wa Kampala wa 2015, ule wa maji ya kaveera, yaani ya mifuko ya plastiki, na juisi za mitaani: waliodhaniwa kuugua walipita 10,000, waliothibitishwa maabara walikuwa 51. Sisemi wengine hawakuumwa. Nasema tunatibu taifodi gizani, na cheti kinaandikwa humo humo gizani. Ukifunga duka, foleni itahamia kwenye kigae cheupe.

Mwenye duka, Malaba

Asante dada, maana kila mkutano sisi ndio wachawi. Serikali ilifuta malipo kwenye vituo vyake 2001, sawa, kumuona mtu ni bure. Lakini mama anapanga mstari tangu asubuhi, saa nane anaambiwa dawa zimeisha, kanunue. Anakuja kwangu usiku na shilingi elfu mbili mkononi na mtoto mgongoni. Nimwambie aende famasi ya mjini? Nachukua mkasi nakata karatasi ya vidonge, nampa vinne, kesho akipata pesa aje achukue vingine. Wengine hurudi.

Mwalimu mstaafu, Bombo

Binti yangu wa Busia, pole kwa kijana. Lakini hoja yako ina hatari. Unapoonyesha kosa la kliniki, huyu ndugu wa Malaba anapata pa kujificha. "Wengine hurudi", amesema mwenyewe. Na wasiorudi je? Vidonge vinne vinaua vimelea dhaifu na kuviacha vile vyenye nguvu vizaliane. Fleming, mgunduzi wa penisilini, alilionya jambo hili 1945 alipopokea tuzo ya Nobel, kwamba mtu asiyejua anaweza kujipa dozi ndogo na kuvifundisha vijidudu kuishi na dawa. Miaka themanini tangu aseme.

Someni yaliyotokea Pakistan, jimbo la Sindh, kuanzia 2016. Ilizuka taifodi isiyosikia ampisilini, kloramfenikali, septrini, sipro, wala seftriaksoni. Dawa ya kumeza iliyobaki ya kutegemewa ikawa azithromisini. Tukisubiri kila kituo kipate maabara, hiyo itatukuta hapa. Mimi nasema fungeni sasa, maabara zije baadaye.

Muuguzi, Kasese

Niruhusuni, hii ya kwetu wengi wenu hamkuiona. Mwishoni mwa 2007 hadi 2009 Kasese ilipata taifodi ya kutoboa utumbo. Zaidi ya watu 200 walitoboka utumbo, na vifo vilikuwa makumi. Nilikuwa bado mwanafunzi. Mgonjwa analetwa kwa machela ya miti kutoka milimani, ukimgusa tumbo ni gumu kama ubao, halalamiki tena, amenyamaza tu. Wewe mwanafunzi unashukuru kwamba kanyamaza, kumbe muuguzi mkuu ameshaanza kukimbia kumtafuta daktari wa upasuaji. Vimelea vilivyooteshwa vingi vilikuwa sugu kwa ampisilini, kloramfenikali na septrini, dawa zote tatu za zamani, kwa pamoja. Baadaye ugonjwa ukaenda hadi Bundibugyo.

Vimelea hivyo vilitujia kwa maji. Kwa hiyo mkibishana duka au kliniki, kumbukeni kuna mtu anakunywa mto ambao kijiji cha juu kinautumia kama choo.

Kuhusu Widal namuunga mkono mwanzisha mada. Kituo changu ni Health Centre III, yaani kituo cha afya kilicho chini ya hospitali. Darubini ninayo, kipimo cha malaria ninacho, pa kuotesha damu sina. Mgonjwa akishikilia kwamba "nipime taifodi", na nikakataa, anavuka barabara anapimwa pale.

Mwanzisha mada, Busia

Mzee wa Bombo, shikamoo. Umenigusa penye ukweli. Vidonge vinne sivitetei, na ndugu wa Malaba, hilo la mkasi liishe. Hapo nimebadilika tangu nilipoandika asubuhi.

Lakini hiyo hiyo ya Pakistan, mzee, inanirudisha kwenye hoja yangu. Yule Tifi hakujifunza yote peke yake. Watafiti walimchunguza wakakuta amebeba plazimidi, kipande cha chembe za urithi ambacho bakteria hupeana, na kinafanana na vile ambavyo tayari vilikuwa kwa bakteria mwingine, E. koli. E. koli anakaa wapi? Utumboni mwangu na mwako, wengi wao bila kutudhuru. Kijana wangu alimeza sipro mara mbili na kuchomwa sindano kwa ugonjwa ambao hakuwa nao. Malaria haikusikia lolote. Waliosikia ni hawa wa utumboni, wanyonge wakafa, sugu wakabaki na nafasi yote. Siku akinywa maji yenye Tifi wa kweli, Tifi atakuta mwalimu anamsubiri mle ndani. Na alikunywa dozi kamili, mzee, kwa cheti, kwa saa zake, mimi mwenyewe namwamsha saa kumi na mbili alfajiri!

Ndiyo maana nasema dozi nusu na dozi isiyohitajika ni ugonjwa mmoja. Anayetoa ya kwanza tunamkamata kwa sababu ana duka lenye mlango wa kufungwa. Anayetoa ya pili ana koti jeupe.

Jumamosi nitarudi mkutanoni kuomba mambo mawili yaingie kwenye azimio. Kliniki za kata yetu ziache kutoa antibiotiki kwa Widal pekee. Na wilaya itutafutie njia ya kupeleka chupa za damu hospitali ya rufaa kuoteshwa, hata kama ni kwa boda mara mbili kwa wiki. Boda zinapeleka samaki Tororo kila siku.

Mwenye duka, Malaba

Nimesoma. Nimekubali kuuacha mkasi. Ila mniambie, yule mama wa usiku nimpe nini? Maana yeye hatasoma mjadala huu.

Muuguzi, Kasese

Mtoto anahara maji maji bila damu, mara nyingi ni virusi, antibiotiki haimsaidii. Mpe ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, na zinki siku kumi, hivyo unaruhusiwa kuuza, na mwonyeshe kuichanganya pale pale mbele yako, pakiti nzima kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Anahara damu, au macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, usiuze kitu. Mtafutie boda usiku huo huo. Mwenye homa, apimwe malaria kwanza.

Mwenye duka, Malaba

Boda nitalipa mimi, atanirudishia. Zinki nilikuwa nimeacha kuiagiza kwa sababu hawaiulizi. Kesho naagiza.