Ampuli ya mbele ya ampli ya gitare imekufa, naweza kuweka LED?

Gitare_Katuba
Jambo bandugu. Tuko na ampli ya lampi (zile chupa za kioo zenye zinakuza sauti) ya korali, Fender ya zamani, inaimba vizuri kabisa ila kale ka ampuli kadogo ka mbele, nyuma ya kioo chekundu, kamekufa tena. Iko ya kusukuma na kuzungusha, chini imeandikwa 47. Nimezunguka soko la mtaa wa Kenya yote hapa Lubumbashi, banionyesha tu za pikipiki za volti 12. Fundi mmoja wa radio anasema weka LED, namuuliza ya volti ngapi, anajibu yoyote tu, na hapo njo roho ilikataa. Hii ampli ni ya bantu bote, sitaki kuiua. Nifanye namna gani?

Fundi_Kamalondo
Ulifanya vizuri kukataa. Ile 47 ni ya volti 6.3, inakula mili-ampe 150, na umeme wake unatoka ku waya zile zile zenye zinapasha lampi moto. Ni AC, umeme wa kwenda na kurudi, kilele chake kinafika karibu volti 9, na LED nyingi zinavumilia volti 5 tu zikipigwa kinyume, ukiichomeka uchi itakufa. Weka rezistansi (kale kanapunguza umeme) ya omu 470 ifuatane na LED, kisha chukua diodi ndogo ya 1N4148 (inapitisha umeme upande mmoja tu) uifunge sambamba na LED lakini imegeuzwa kichwa, ili umeme ukirudi upite mu diodi. Kwenye kilele LED itapata kama mili-ampe 15, inatosha. Itakuwa inawaka nusu ya muda, ukipitisha macho haraka utaona inacheza, kama inakusumbua funga diodi 4 za daraja, LED itawaka umeme ukienda na ukirudi.

Kitu chenye bantu banasahau: angalia nyuma ya kishikio cha ampuli. Fender nyingi ziko na rezistansi 2 za omu 100 zimesodewa pale pale, kila moja inaenda ku masi (chuma cha sanduku la ampli). Zile si za ampuli, usiziguse! Zinashika waya za kupasha lampi katikati, ukizitoa ampli itavuma nguuu mpaka mahubiri hayasikiki. Na LED yako usiifunge ku masi hata upande mmoja.

Sono_Kadutu
Niongeze kwa bale benye watasoma na hawana Fender: Marshall zingine ziko na ampuli ya neoni pale mbele, inakula volti 220 za ukutani kupitia rezistansi kubwa, maelezo ya juu hayafai kwayo. Na wote, chomoeni fishi kwanza, kondensateri (zile zinaweka umeme ndani) zinaweza kubakia na volti zaidi ya 400 hata ampli imezimwa. Pima mpaka multimetre ishuke karibu na sifuri njo uingize mkono.

Gitare_Katuba
Asanti sana wakubwa. Na rangi? Niko na LED nyeupe hapa nyumbani.

Fundi_Kamalondo
Tafuta nyekundu. Nyeupe nyuma ya kioo chekundu inatokaka kama pinki, ya bluu karibu haionekani kabisa. Na LED yenye kichwa angavu inatupa mwanga mbele tu kama tochi, isugue na msasa mpaka iwe na ukungu, kioo chote kitajaa.

Yaya_Lampi
Mi nimeshikwa na lile neno "tena". Ampuli 47 imepangiwa masaa kama 3000, korali haimalizi masaa hayo haraka. Kama zinakufa moja baada ya ingine, ama kishikio kinatikiswa na spika, ama volti iko juu. Umeme wa mtaa ukipanda 240 na transfo (ile inashusha umeme wa mtaa ndani ya ampli) imepangwa 220, ile 6.3 inakuwa karibu 6.9, na lampi zako zote zinapikwa pamoja na ampuli. LED haitalalamika, itawaka tu vizuri, na wewe hautajua. Omba fundi apime AC ku kishikio saa ya repetisyo ya jioni, na asubuhi pia. Ikipita 6.9, shughulikia transfo ama tafuta regileta (kifaa cha kutuliza volti) mbele ya kununua LED.

Gitare_Katuba
Kweli umeme wa kwetu usiku unapandaka sana. Jumamosi tunapima, nitaleta namba hapa.