Wanyama kwenye vito vya dhahabu vya Waazteki walikuwa na maana au urembo tu?

mtoto_wa_isevya: Wakuu habari za jioni. Kuna sonara hapa Tabora mjini nataka anitengenezee kidani cha wife, sasa katika kutafuta mifano nikakuta picha ya nyoka wa dhahabu wa Waazteki wa Meksiko, kaachama, meno nje, na ulimi wanasema unacheza kabisa. Kuna tai, kuna vyura. Nimempenda sana huyo nyoka ila nataka nijue maana kwanza.

mwanga_kgm: Mkuu huyo nyoka yupo makumbusho ya Metropolitan, New York, na sio kidani. Ni pambo la mdomo, walikuwa wanatoboa chini ya mdomo wa chini wanalipachika hapo, na sio kila mtu aliruhusiwa, ni watawala, watu wa koo kubwa na mashujaa wa vita. Sasa pata picha mtu kasimama mbele yako huo ulimi unaning'inia unatikisika kila akigeuka! Nyoka kwao alikuwa mkubwa mno, Quetzalcoatl ni nyoka mwenye manyoya ya ndege, na mungu wa vita Huitzilopochtli silaha yake ilikuwa nyoka wa moto. Tai ndo jua, ndo maana walikuwa na kikosi kizima cha wapiganaji wa tai.

mama_asali: Kaka mchukulie chura. Chura ni mvua, ni upande wa Tlaloc mungu wa mvua, na sisi tunaolima huku tunajua mvua ni nini. Halafu kilichonigusa mimi ni nta, maana nauza asali na nta. Walikuwa wanatengeneza umbo kwa udongo na unga wa mkaa, wanalipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa mti, ulimi, meno, magamba vyote vinachongwa kwenye nta, wanafunika tena kwa udongo na mkaa, wakichoma nta inayeyuka inatoka, dhahabu inamiminwa pale ilipokuwa nta. Kalibu, yaani huo udongo wa kumiminia, inavunjwa, kwa hiyo hakuna viwili vinavyofanana.

mtoto_wa_isevya: Aisee dada asante sana. Mbona sasa vimebaki vichache hivyo?

mwanga_kgm: Wahispania walipowateka Waazteki waliviyeyusha. Mwaka 1981 mafundi wa ujenzi Mexico City walifukua kipande cha dhahabu cha karibu kilo 2, ndo hivyo vito vilivyoyeyushwa. Inauma sana. Ila 2017 karibu na hekalu kuu la Waazteki walikuta mbwamwitu mdogo kazikwa na vipande 22 vya dhahabu, vizima.

mama_asali: Muulize sonara wako kama anajua kumimina kwa nta, akisema ndiyo njoo inbox, nta safi ya Sikonge ninayo.