Mrejesho: sabuni ya kunyolea ndevu, Lamu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niliuliza kwa nini sabuni ya mafuta ya nazi matupu inatoa povu jingi linalokauka shavuni kabla wembe haujafika kidevuni. Mliniambia niongeze asidi ya steariki, ile asidi ya mafuta iliyo ngumu kama nta, na kweli, hiyo ndiyo dawa. Sasa karibu nusu ya mafuta ni steariki, inayobaki ni nazi na mbarika kidogo. Povu ni zito kama tui la kwanza na linakaa.

Steariki huyeyuka kwenye nyuzi 70 hivi, kwa hiyo lazima upike kwa moto. Ukichanganya baridi inaganda. Magadi makali, yaani kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, nimetumia ya aina mbili, ya potasiamu yakiwa mengi kuliko kostiki soda, ndipo sabuni inalainika kwa brashi. Pima kwa mizani, mimina magadi kwenye maji, kamwe si maji kwenye magadi. Na tafadhalini, sufuria zetu za alumini ziacheni kabisa! Magadi huzila na kutoa gesi inayowaka. Tumieni chuma cha pua.

Imebaki harufu. Karafuu naihofia, huwasha ngozi iliyotoka kunyolewa. Mwenye kujua nyingine anijuze.