Ushauri: nataka kupiga picha treni ya TAZARA milimani, natokea Pemba

MpigaPichaChake: Assalamu alaykum wanajamvi. Mie ni mtu wa Chake Chake, kazi yangu picha za harusi. Tangu nilipopanda SGR ya Dar hadi Dodoma nimeshikwa na wazimu wa treni, mke wangu anasema nimerogwa. Sasa nataka milima khasa: TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, kile kipande cha Mlimba mpaka Makambako. Nina wiki moja, kamera ya Canon, lenzi ya 18-55 na ya 70-200. Je, nipande treni nipige nikiwa ndani, au nikae mahali niisubiri? Na askari wa huko wakoje? Bandari moja niliwahi kuamrishwa nifute picha zote, na nilikuwa napiga ngalawa tu.

BabuMalindi: Wa alaykum salaam mwanangu. Usiseme treni ni mambo ya bara tu. Unguja hapa Wamarekani walijenga reli mwanzoni mwa miaka ya 1900, Ngome Kongwe hadi Bububu, maili saba hivi. Milima haikuwa nayo, lakini moshi ulikuwepo. Ushauri sina, nimepita kusalimia.

Kijana_Fumba: Kwa nini ujitese? Rudi SGR, kule Kilosa kuna milima na mahandaki, siku moja umemaliza.

MtuWaIfakara: Kijana, dirisha la SGR halifunguki. Atarudi Pemba na picha za uso wake mwenyewe kwenye kioo.

Ndugu wa Chake, nimekulia kando ya reli hiyo. Mlimba hadi Makambako ni kilomita 158, na humo mna madaraja 46 na mahandaki 18. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu za mita 50. Wachina na wenyeji walimaliza kazi hiyo katikati ya miaka ya 1970, na mpaka leo ukitazama chini pale tumbo linakucheza.

Tatizo ni saa. Treni ya abiria ikitoka Dar mchana au alasiri, milimani inafika usiku. Utalipa nauli uone giza. Ikichelewa sana ndiyo heri yako, lakini huwezi kupanga safari kwa kutegemea kuchelewa. Ulizia treni ya Udzungwa, ile ya Kidatu hadi Makambako, kama inatembea wiki hiyo na inapita saa ngapi. Panda behewa la nyuma. Treni ikikata kona, dirisha la upande wa ndani wa kona linakuonyesha kichwa kule mbele na mabehewa yote yamejikunja. Weka kasi ya shata 1/500 ya sekunde au zaidi, picha isitikisike. Ukiona wenyeji wanaingiza vichwa ndani, handaki hilo, ingiza na lenzi yako.

MpigaPichaChake: Ahsante sana kaka. Na nikitaka kuipiga kwa nje?

MtuWaIfakara: Hiyo ndiyo picha yenyewe. Ila usianzie Mlimba, barabara yake mvua ikinyesha ni matope matupu. Anzia Mang'ula: basi la Dar, Morogoro, Mikumi, Kidatu, unashuka. Reli inapita chini kabisa ya milima ya Udzungwa, msitu nyuma, mashamba mbele. Hapo 70-200 itakufaa, inauvuta mlima karibu na treni. Saa moja asubuhi ukungu bado umekaa juu ya miti. Usikimbilie abiria tu, treni za mizigo za shaba kutoka Zambia nazo zinapita, ila hizo hazina ahadi na mtu. Vumilia.

DadaWaReli: Nami nijibu la askari, maana wengi wanalipuuza. Kabla hujatoa kamera begini, nenda kwa mkuu wa stesheni, msalimie, mwambie umetoka Pemba na unapenda treni. Onyesha kitambulisho. Mara nyingi atakuambia na treni iko wapi saa hiyo, kitu ambacho ratiba haikwambii. Ukikataliwa, kubali, usibishane. Madaraja na midomo ya mahandaki usiyasogelee bila ruhusa, wala usitembee juu ya reli. Droni bila kibali iache Chake.

Kijana_Fumba: Basi mie nimenyamaza. Masika je?

DadaWaReli: Machi hadi Mei asiende, wiki moja yote inaweza kuliwa na mvua. Juni hadi Agosti pazuri, ila Makambako baridi yake si ya mtu wa pwani. Koti, mpiga picha, na la kweli, si hilo la kuvalia kwenye boti.

MpigaPichaChake: Julai basi, inshallah. Mang'ula siku tatu, halafu ndiyo treni ya Udzungwa. Koti naazima kwa shemeji.